Nyoka Mdogo Ndani ya Nyumba: Namna ya Kumtambua na Hatua za Kuchukua

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo ina sababu zake. Hata hivyo, hofu isiyoongozwa na maarifa huweza kuleta madhara makubwa kuliko nyoka mwenyewe. Makala haya yanawalenga ndugu zetu wakaao katika vijiji vya mpakani, kuanzia Mutukula hadi Kikagati, pamoja na majirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera. Nia yake ni kueleza namna ya kumtambua nyoka mdogo aliyeonekana nyumbani, namna ya kujikinga naye, na namna ya kumsaidia aliyeumwa.

Huenda msomaji akauliza: polisi na nyoka wapi na wapi? Katika msimu mmoja wa mvua, kituo chetu kilipokea simu yapata saa nne za usiku. Aliyepiga simu hakutaja nyoka. Alisema kwamba watu wameizingira nyumba ya mama mmoja mjane na wanataka kuitia moto. Tulipofika pamoja na mwenyekiti wa kijiji, tulielezwa kwamba jirani wa mama huyo alikuta nyoka juu ya kitanda cha mtoto wake, na kwamba siku mbili kabla ya hapo majirani hao waligombana juu ya mpaka wa shamba. Kwa hiyo ikasemwa kwamba nyoka huyo "ametumwa". Tuliomba tuonyeshwe nyoka. Alikuwa amekwisha kuuawa, urefu wake haukuzidi mkono kutoka kiwiko hadi vidole, rangi yake kahawia, na kila upande wa uso wake ulikuwa na mistari miwili myeupe iliyofifia. Alikuwa nyoka wa nyumbani asiye na sumu, aliyeingia kufuata panya waliokuwa katika magunia ya mahindi kando ya kitanda. Kijiji kizima kilibakiza hatua moja tu kutenda jinai kubwa kwa sababu ya kiumbe ambaye hakuwa na tone moja la sumu.

Tangu usiku ule tumeona kwamba kumtambua nyoka ni sehemu ya usalama wa raia.

Jambo la kwanza ni umbali

Kabla ya kumtazama nyoka, mtu hana budi kujilinda. Simama umbali wa hatua nne au zaidi. Watoe watoto na wazee chumbani. Washa taa au tochi. Mtu mmoja abaki akimwangalia nyoka kutoka mbali ili asipotee machoni, na mwingine aende kuita msaada. Nyoka asiyebanwa hupendelea kukimbia kuliko kupigana, na watu wengi huumwa wanapojaribu kumpiga, kumkamata au kumchezea.

Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha ukiwa umesimama mbali. Picha hiyo itamsaidia mganga hospitalini, na itamsaidia ofisa wa wanyamapori kukueleza ni nyoka wa aina gani. Usimshike nyoka hata kama unaamini amekufa. Kichwa cha nyoka kilichokatwa huweza kuuma kwa muda baada ya kutenganishwa na mwili.

Alama za kutazama

Katika kumtambua nyoka, tazama mambo matano. La kwanza ni umbo la mwili: je, ni mnene na mfupi, au ni mwembamba na mrefu? La pili ni kichwa: je, kimetengana waziwazi na shingo, au vimeungana kama kidole? La tatu ni magamba: je, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta, au yamekauka na kukwaruza? La nne ni michoro: je, kuna mistari, madoa, au alama zenye umbo la herufi V? La tano ni mwenendo: je, anakimbia, anajikunja na kutoa sauti ya pumzi kali, anainua kifua na kutanua shingo, au anajaribu kujificha chini ya kitu?

Rangi peke yake haitoshi. Nyoka wa aina moja anaweza kuwa na rangi mbalimbali, na nyoka wa aina mbili tofauti huweza kufanana kwa rangi. Aidha, yako mafundisho yanayorudiwa vijijini ambayo si ya kweli. Husemwa kwamba nyoka mwenye mboni ya jicho iliyosimama kama ya paka ana sumu, na mwenye mboni ya duara hana. Kanuni hiyo ni hatari. Nyoka wa nyumbani asiye na sumu ana mboni iliyosimama, ilhali swila na koboko, ambao sumu yao huua, wana mboni za duara. Husemwa pia kwamba nyoka mwenye kichwa chembamba hana madhara. Hilo nalo si kweli, kama tutakavyoona hapa chini.

Nyoka wadogo wasio na madhara kwa binadamu

Nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia ndiye anayeonekana mara nyingi katika makazi ya watu. Rangi yake huanzia kahawia nyekundu hadi kahawia iliyokoza karibu na weusi, tumbo lake ni jeupe lenye mng'ao, na magamba yake ni laini. Alama yake kuu ni mistari miwili iliyofifia kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine ukianzia chini ya jicho kuelekea pembe ya mdomo. Hutembea usiku. Chakula chake ni panya na mijusi, naye huwaua kwa kuwabana kwa mwili wake. Akishikwa anaweza kuuma, lakini hana sumu. Kwa mkulima mwenye ghala, nyoka huyu ni mlinzi asiyedai mshahara.

Nyoka kipofu ni mdogo zaidi. Wengine ni wembamba kama kalamu, nao hung'aa kama waliopakwa mafuta. Macho yake ni vijidoa viwili tu chini ya magamba, na mkia wake ni butu kiasi kwamba watu husema ana vichwa viwili. Huishi ardhini na hula mchwa, siafu na mayai yao. Mvua kubwa inapojaza maji mashimo yake, hutoka na kuingia majumbani, bafuni na chini ya mikeka. Ncha ndogo iliyo mkiani si mwiba wa sumu; huitumia kujisukumia udongoni. Hawezi kumdhuru mtu.

Nyoka mla mayai ana magamba yaliyokwaruza na madoa ya kahawia mgongoni, hivyo hufananishwa na nyoka wa jamii ya kifutu. Akitishwa hujikunja, husugua magamba yake mpaka yatoe sauti kama ya pumzi, na hupanua mdomo wake ambao ndani ni mweusi. Hayo yote ni vitisho. Hula mayai ya ndege pekee, naye hana meno ya kumuumiza mtu. Mara nyingi huonekana karibu na mabanda ya kuku.

Yuko pia nyoka wa majimaji mwenye rangi ya kijivu au kijani iliyokoza, mwenye vidoa vyeupe vidogo mgongoni, ambaye kichwa chake ni cheusi zaidi kuliko mwili. Hufuata vyura karibu na mabomba, visima na mitaro. Akiudhiwa hutandaza kichwa na kuruka mbele. Ana sumu dhaifu inayotosha kwa chura, lakini haijulikani kumdhuru binadamu.

Nyoka wadogo wenye hatari

Wa kwanza ni kifutu mchanga. Kifutu hatagi mayai bali huzaa watoto hai, kwa kawaida kati ya 20 na 40 kwa mara moja. Kila mtoto huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, na tangu siku ya kuzaliwa ana meno na sumu. Mwili wake ni mnene kwa urefu wake, kichwa ni kipana, na mgongoni ana safu ya alama zenye umbo la V. Hatari yake kubwa ni kwamba hakimbii. Hulala kimya njiani au kwenye majani makavu, mtu akamkanyaga. Ukiona mmoja nyumbani, tambua kwamba ndugu zake wanaweza kuwa karibu.

Wa pili ni nyoka wa usiku wa jamii hiyo hiyo ya kifutu, ambaye ni mwembamba zaidi. Mara nyingi ana alama moja kubwa ya V juu ya kichwa, ncha yake ikielekea mbele, na madoa meusi yenye umbo la almasi mgongoni. Hula vyura, kwa hiyo huja penye maji na penye taa zinazovuta wadudu. Kuuma kwake huleta maumivu makali na uvimbe, ingawa ni nadra sana kuua.

Wa tatu ndiye anayewadanganya wengi. Ni nyoka mchimbaji mweusi au kahawia iliyokoza, mwenye urefu wa sentimita 30 hadi 60, mwenye kung'aa, mwenye kichwa kidogo kisichotengana na shingo, macho madogo mno, na mkia mfupi unaoishia kwa ncha kali. Hufanana na nyoka kipofu au nyoka mwingine mpole, naye hutoka usiku baada ya mvua. Watu humshika nyuma ya kichwa wakidhani kwamba hawezi kugeuka. Huyu hahitaji kugeuka wala kufungua mdomo. Meno yake marefu hutokeza pembeni mwa taya, mdomo ukiwa umefungwa, naye humchoma mshikaji kidoleni kwa kutikisa kichwa upande mmoja. Matokeo yake ni maumivu makali, uvimbe, na pengine nyama ya kidole kuoza. Hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono. Kwa sababu yake tunasisitiza: nyoka mdogo mweusi anayeng'aa asiguswe kamwe, hata na mtu anayejiita mzoefu.

Wa nne ni swila mchanga. Watoto wa swila atemaye sumu huwa wa kijivu au weusi, wenye ukanda mweusi upande wa chini wa shingo. Hata akiwa mdogo, huinua kifua, hutanua shingo na kutema sumu kuelekea machoni. Swila mkubwa hufikisha sumu umbali wa mita mbili au zaidi. Ukiona nyoka mdogo aliyeinua kifua, geuza uso, rudi nyuma, funga mlango, na uzibe nafasi iliyo chini yake kwa nguo.

Ikiwa umetazama alama hizi na bado una shaka, mchukulie nyoka huyo kuwa ana sumu.

Majina na mpaka

Sisi wa mpakani tuna tatizo ambalo watu wa miji mikubwa hawana. Nyoka mmoja ana majina mengi kwa kadiri ya lugha zetu. Yule aitwaye kifutu kwa Kiswahili huitwa impiri kwa Kinyarwanda, na swila huitwa incira. Kuna pia majina yanayotumika kijiji kimoja kwa nyoka mpole na kijiji cha pili kwa nyoka mkali. Kwa hiyo unapompigia simu ofisa, au unapompeleka mgonjwa katika hospitali ya upande wa pili, usitosheke na jina. Eleza umbo, rangi, michoro, urefu na mwenendo. Maelezo hayo hayapotei katika tafsiri.

Vilevile, mizigo inayovuka mpaka hubeba nyoka bila ya dereva kujua. Magunia ya nafaka, mikungu ya ndizi, mkaa, kuni na matofali yaliyolala nje ni maficho yao. Wapakuzi wanashauriwa kuvaa viatu vilivyofunika mguu na glavu, na kuugeuza mzigo kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono.

Mtu akiumwa

Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Shirika hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengine wengi zaidi hupata ulemavu wa kudumu. Wengi wa hao ni wakulima na watoto wa vijijini kama vyetu.

Mtu akiumwa, mwondoe karibu na nyoka na umlaze. Mtulize kwa maneno, kwa kuwa kukimbia na kuhangaika hueneza sumu upesi. Mvue pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Kifungie ubao au fimbo kama mtu aliyevunjika mfupa, bila ya kukikaza. Andika saa aliyoumwa. Akianza kutapika au kusinzia, mlaze ubavuni wa kushoto. Kisha apelekwe hospitalini mara moja, akibebwa na si akitembea. Akipelekwa kwa bodaboda, akae katikati na mtu wa tatu amshike nyuma.

Usimfunge kamba ya kukata damu, kwa kuwa imewapotezea watu mikono na miguu. Usichanje jeraha, usinyonye sumu kwa mdomo, usimwagie mafuta ya taa, usibandike jiwe jeusi, na usimpe pombe. Ikiwa sumu imeingia machoni, oshea kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke hospitalini. Asiyasugue macho wala kutiwa majani.

Si kila kituo cha afya kina dawa ya kupambana na sumu ya nyoka. Kwa hiyo mhudumu wa afya wa kijiji apige simu mbele kuuliza kabla ya safari. Ikiwa hospitali iliyo karibu iko ng'ambo ya mpaka, mjulishe mara moja ofisa wa zamu kwamba una mgonjwa aliyeumwa na nyoka. Usipoteze muda kwa njia za panya.

Mtu anaweza kuonekana mzima katika saa za mwanzo. Sumu ya baadhi ya nyoka hukawia kuonyesha dalili, na alama za meno pekee haziwezi kuthibitisha kwamba nyoka hakuwa na sumu. Kwa hiyo kila aliyeumwa achunguzwe na mganga.

Kumzuia asiingie

Nyoka huingia nyumbani kwa mambo matatu: chakula, maji na maficho. Ukimwondoa panya, umemwondoa nyoka. Hifadhi nafaka katika mapipa yenye mifuniko, au magunia yawekwe juu ya chanja. Zoa makombo jioni. Fyeka majani yanayoizunguka nyumba. Kuni na matofali yasiegemezwe ukutani. Ziba mashimo ya ukutani na nafasi iliyo chini ya mlango. Banda la kuku lijengwe mbali na chumba cha kulala.

Usilale sakafuni bila ya chandarua. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro humzuia mbu, na humzuia nyoka pia. Usiku tembea na tochi, na kung'uta viatu asubuhi kabla ya kuvivaa. Usimwage petroli wala kuwasha moto kumfukuza nyoka. Nyumba huungua, na nyoka hutokea mlango wa nyuma.

Nyoka hatumwi

Tunarudi kwa mama yule mjane. Usiku ule hakuna aliyeumizwa, na asubuhi yake mwenyekiti aliwakutanisha majirani wale wawili. Mgogoro wa shamba ulipelekwa katika baraza linalohusika, ambako ndiko ulikostahili kuwa tangu mwanzo. Lakini tunajua kwamba si kila kijiji hupiga simu kwa wakati.

Nyoka huja kwa sababu ya panya, mvua na majani. Anayemzulia jirani yake uchawi, anayemshambulia au anayeichoma nyumba yake anatenda kosa la jinai, naye atajibu mahakamani hata kama umati mzima ulikuwa pamoja naye. Ukisikia maneno ya namna hiyo yameanza kijijini, usisubiri giza liingie. Mwambie mwenyekiti, au piga simu polisi kwa namba 999 au 112.

Na ukimwona nyoka nyumbani, simama mbali, tazama mambo yale matano, piga picha, uite msaada wa maofisa wa wanyamapori au wa kituo kilicho karibu nawe. Wasomee makala haya wale wasiojua kusoma, na watoto wafundishwe kwamba nyoka, awe mdogo namna gani, haokotwi kwa mkono. Usalama wa nyumba moja upande huu wa mto ni usalama wa nyumba ya pili upande ule.